Weusi Mgongoni mwa Dada Frida

Mwamba wangu, wewe hapo uliyeshika karatasi hizi, kaa vizuri. Jina lako silijui, ila nakuita mwamba kwa sababu nahitaji mtu mwenye kifua. Mimi ni Shedrack, nyumbani wananiita Cheche, nachomelea mageti na kusaga vyuma kwa grenda, Mlandege, Iringa. Barua hizi ni zangu na dada yangu Frida, yuko Mbeya, Soweto, kwa baba na mama. Mwaka jana alianguka kutoka juu ya lori la viazi pale Uyole, miguu ikapooza. Mwaka huu madaktari wa utafiti fulani wakamchukua wamjaribie tiba mpya.

Utasema siku hizi nani anaandika barua? Sisi. Simu ya Frida anakaa nayo baba, maana madaktari wanapiga namba hiyo, na baba ni mwinjilisti: meseji ikiingia anaisoma kwa sauti kama neno la ibada. Kwa hiyo tunampa Fred, konda wa basi, jirani yao Soweto. Anazipeleka akijifanya kaja kusalimia mgonjwa.

Soma tu. Mwisho nina swali.

*

Mlandege, Iringa
9 Machi 2025

Dada Frida,

Shikamoo. Mimi mzima, grenda ilinikwangua kidole gumba ila kimeshapona. Bosi kaoa tena, tumekula pilau siku mbili. Baba hajambo? Mama alifika salama? Wiki ile alikaa kwangu siku moja tu, akafua hadi mashuka ambayo sikuomba yafuliwe.

Sasa dada, sikia! Wiki nzima bando langu lote limeisha kusoma habari zako. Unajua walichokufanyia? Wametoa seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli nyingine, kwenye mfupa wako wa nyonga, wakazilisha vumbi la chuma, dogo mno, punje mia tano ukizipanga mstari hazifikii unene wa unywele. Halafu ndiyo wakakuchoma nazo kwenye uti wa mgongo. Chuma cha nini? Cha kuzifuatilia hizo seli! Ile mashine ya picha, MRI, ni sumaku kubwa, na palipo na chuma picha inakuwa nyeusi. Ndiyo maana picha ya Januari, kabla hujawekewa, ilikuwa safi, na ile ya Februari ina kidoa kama punje ya mtama. Hicho kidoa ni seli zako, dada! Zinapigwa picha zikiwa kazini, ndani ya mtu mzima anayepumua na kula ugali! Mimi nilivyosoma hapo nilisimama nikapiga makofi peke yangu, mpangaji mwenzangu akadhani timu yake imefunga.

Picha ijayo lini? Waangalie kama zimekaa palepale au zimehama.

Halafu mwambie mama, lile kopo la unga wa chuma aliloondoka nalo, ule tunaofagia chini ya grenda, kasema ni wa maua. Maua gani yanakula chuma? Yakiota geti anitafutie mteja.

Mdogo wako,
Cheche

*

Soweto, Mbeya
23 Machi 2025

Kwako Cheche,

Marahaba. Barua yako nimeipata, Fred kaileta ndani ya gazeti. Baba hajambo, wiki ya kwanza ya mwezi alikuwa Tukuyu kwenye semina, karudi na mkungu wa ndizi na mafua. Mama yupo. Mvua hapa hainyamazi, nguo zinanuka uvundo, jirani wa nyuma kazaa mapacha.

Bosi wako ana nguvu. Na wewe oa mmoja tu, upunguze kupiga makofi peke yako.

Nina neno nimelificha nikuambie wewe wa kwanza, baada ya mama. Jumatano nilikuwa nimekaa kitandani nachambua mchele. Nikasikia kitu mguu wa kushoto, kama mtu kavuta uzi. Nikaangalia. Kidole kikubwa kikapanda, kikashuka. Nikakiambia, hebu tena. Kikapanda. Mchele wote ukamwagika, mama akaanza kuimba huku anaokota mchele, sijui alikuwa anamshukuru Mungu au anatafuta mawe.

Picha ijayo ni tarehe 14 Aprili. Ikiwa nzuri, Juni nitawekewa dozi ya pili. Daktari wa picha ni mwanamke, Dkt. Hansa, wa familia ya wale Wahindi wenye duka la vitambaa mjini. Anaongea Kisafwa kuliko mimi. Aliposema mbele ya mama, "Tutazifuatilia hizi seli tuone zinakwenda wapi," mama hakulala vizuri wiki nzima. Kila saa: "Zinakwenda wapi? Kwani zinatembea? Ndani ya mwanangu?" Nikamwambia ndiyo utafiti huo. Hakuridhika.

Kula vizuri. Vaa miwani ukisaga.

Dada yako,
Frida

*

Mlandege, Iringa
6 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo! Kidole! Nimewaambia karakana nzima, hata mteja aliyekuja kugombana kuhusu komeo nilimwambia, akasahau ugomvi.

Ila dada, umejibu kila kitu, hadi mapacha wa jirani. Kopo hujaligusa.

Nisikilize vizuri. Nimesoma sheria za kuingia kwenye ile mashine. Hereni, saa, pini ya nywele, vyote nje. Fundi vyuma kama mimi wanamuuliza kwanza kama hajawahi kuingiwa na chembe jichoni, maana ile sumaku inaweza kuivuta chembe ikachana jicho kwa ndani. Chembe moja, dada! Ule unga wa grenda ni chembe tupu, na sio kama vumbi lao la maabara, huu ni chuma hasa. Mimi nilijaza kopo zima la majarini nikampa mama bila kuuliza.

Sasa nauliza. Huo unga uko wapi? Mmefanya nao nini? Kama uko kwenye maua, sawa, nicheke. Kama uko popote karibu na mwili wako, usiingie kwenye mashine tarehe 14. Waambie unaumwa tumbo, waambie chochote.

Nijibu haraka. Nampa Fred kesho alfajiri.

Cheche

*

Soweto, Mbeya
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, na heri ya Pasaka. Kwaya ilikuja kuniimbia nyumbani, mama alipika kuku wawili. Baba alihubiri vizuri, walisema.

Barua yako ya tarehe 6 imenifikia tarehe 17. Basi la Fred lilikufa giaboksi pale Nyololo, akakaa karakana siku tisa, barua yako ikiwa chini ya kiti cha dereva. Kwa hiyo nilikwishaingia kwenye mashine.

Nitakuandikia ilivyokuwa, usinikatize.

Kabla ya kuingia nesi aliuliza, "Una chuma chochote mwilini?" Baba akawahi kujibu. Unamjua. "Binti yangu hata hereni hana, sisi ni watu wa usharika." Nesi akanigeuza, akaona alama mgongoni, akauliza hizi nini. Baba akawahi tena: "Ni vipele vya kulala sana." Baba hakudanganya, Cheche. Anaamini hivyo. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi, mdomo uko kwenye mto.

Wakanisukuma ndani. Ile mashine inagonga kama watu ishirini wanapiga mabati. Baadaye mgongo ukaanza kuwaka. Kama siafu. Halafu kama kuvutwa, ngozi inanyanyuka taratibu, kama kuna mtu ananifinya kwa juu. Mkononi nilikuwa na kipira cha kuminya ukitaka kutoka. Sikukiminya.

Nilipotoka, Dkt. Hansa hakunisalimia kwa Kisafwa. Aliita wenzake wawili. Waliangalia kioo cha kompyuta muda mrefu. Kile kidoa cha punje ya mtama kimekuwa kama kiganja cha mtoto. Cheusi tii. Baba akauliza, "Daktari, ni habari njema? Zimeongezeka?" Dkt. Hansa akasema, "Mzee, zikiongezeka hivyo sio habari njema."

Wanaogopa zimezaliana zikawa uvimbe. Wanasema wanaweza kunifungua mgongo waukate. Mmoja alisema wakikata hapo, hicho kidole tukisahau, na labda zaidi ya kidole.

Wewe unayejisomea, niambie. Seli zinaweza kukua hivyo ndani ya miezi miwili?

Kuhusu kopo sina cha kuandika.

Frida

*

Mlandege, Iringa
27 Aprili 2025

Dada Frida,

Shikamoo. Salamu za Iringa utazipata siku nyingine.

Alama gani mgongoni? Umeandika alama, ukapita kama mtu aliyekanyaga moto!

Nimesoma hadi macho yanauma. Sikia. Ule weusi kwenye picha hausemi seli ziko hai. Hausemi zimekufa. Seli ikifa, vumbi lake linabaki, linaokotwa na seli nyingine, picha inabaki nyeusi vilevile. Weusi unasema kitu kimoja tu: hapa kuna chuma. Na hausemi ni chuma cha nani! Chuma cha maabara, chuma cha kopo la majarini, vyote ni weusi. Tena unga wangu ni mkali mara elfu, chembe kidogo tu inaweza kutia giza kubwa kuliko yenyewe. Kuna watu wana tatuu za wino wenye chuma, picha zao zinaharibika hivyohivyo, na ngozi inawaka.

Inawaka, dada. Kama siafu.

Ndani ya mfuko unaokuja na barua hii kuna sumaku, nimeing'oa kwenye spika mbovu. Isugue hapo mgongoni juu ya leso, polepole. Kama haishiki kitu, basi mimi ni mjinga na madaktari wako sawa. Kama inashika, omba wakupige eksirei ya kawaida tu. Chuma kwenye eksirei kitaonekana cheupe, juujuu, kwenye ngozi. Huna haja ya kusema neno. Sema tu mgongo unauma unataka eksirei.

Leo nimechomelea bawaba juu chini.

Cheche

*

Soweto, Mbeya
11 Mei 2025

Cheche mdogo wangu,

Marahaba. Hapa wote wanapumua.

Benedicta, mke wa Fred, ndiye aliyeishika sumaku, maana mimi sifiki mgongoni. Alianza chini kiunoni. Hakuna kitu. Akapandisha. Mkono ukasimama. Nikamwambia, "Vipi?" Akasema, "Dada Frida, ngozi inaifuata." Akaitoa, nikasikia inaachia, tap. Akarudia mara tatu, mara ya nne akakataa, akaenda kunawa mikono.

Basi nakuambia.

Mama alienda Nyololo kwa bibi mmoja mganga, anayechanja. Hakwenda kwa ubaya. Alisikia "zinakwenda wapi" akaona kuna vitu vimeachiwa mgongoni mwangu, vinatembea, vitaingia moyoni, vitaingia kichwani. Bibi akamwambia, kitu kinachotembea kinawekewa uzio, na uzio wake ni chuma kilichopita motoni. Ndiyo akaja kwako kuchukua. Tarehe 5 Machi, baba yuko Tukuyu, bibi alikuja hapa. Chale kumi na mbili, mviringo, akasugua unga na dawa yake. Mimi nilikubali. Usimlaumu mama peke yake. Na mimi nilikuwa naogopa, Cheche. Ulikuwa unapiga makofi, mimi ndiye niliyekuwa na hizo seli ndani. Na baada ya siku kumi na nne kidole kikapanda. Wewe ungeniambia nini? Mama hadi leo anasema ni uzio.

Eksirei niliomba. Walisema haihitajiki, MRI inaona zaidi. Kusisitiza bila kusema kwa nini siwezi, baba yuko pembeni kila siku.

Sasa sikia kwa nini sisemi. Kwanza, fomu niliyosaini inasema ukitumia dawa ya kienyeji unatoka kwenye utafiti. Hakuna dozi ya pili. Kidole kimoja nitatembelea? Pili, mama atatengwa na usharika, na mwinjilisti ambaye mke wake kaleta mganga ndani ya nyumba ya usharika hana kazi tena, wala nyumba. Baba ana miaka sitini na moja. Unataka wahamie kwako, kwenye chumba kimoja na mashuka yale?

Upasuaji ni Alhamisi tarehe 22. Labda wakifungua wataona hakuna kitu, watafunga.

Nimeapa kwa mama nikiwa nimeshika mkono wake. Kama mimi bado ni dada yako, nyamaza.

Frida

*

Mlandege, Iringa
18 Mei 2025

Dada,

Shikamoo.

"Labda watafunga." Nimesoma hiyo sentensi nikiwa nimesimama, nikakaa chini kwenye vyuma. Dada, wakifungua uti wa mgongo hawaufungi kama begi!

Chuma kilikuwa changu. Nilikifagia mimi, nikakipakia mimi, nikamfungia mama kopo kwa plasta ili kisimwagike kwenye basi. Niliona nafanya jambo zuri.

Nataka kukuambia kitu ambacho sikutaka kukuandikia. Nilijifanya najua. Sijui yote. Giza la chuma linafunika. Nyuma ya weusi wangu kunaweza kuwa hakuna kitu, na kunaweza kuwa na uvimbe kweli, picha haiwezi kuona nyuma yake. Nikisema, wakaahirisha, na kumbe uvimbe upo, nimekuua. Nisiposema, wakakata, na kumbe ni vumbi la grenda, nimekukata miguu. Mimi ni fundi mageti niliyesoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nakuja. Nitafika Jumatano. Sijaahidi kitu.

Cheche

*

Mwamba, leo ndiyo Jumatano, tarehe 21 Mei, saa tisa mchana. Nipo hospitalini Mbeya, kwenye benchi la korido ya wodi. Barua zimeisha, zangu kanirudishia Frida, hapa naandika kwenye daftari langu la vipimo vya mageti.

Nilivyofika nilimkuta Frida wamemnyoa mgongo tayari. Nilimwamkia. Akaitikia, halafu akanishika shati, akanivuta hadi sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Angalia kidole," akasema.

Akafunua shuka. Vidole viwili, mwamba. Viwili. Vilipanda, vikashuka. Mama alikuwa pembeni anamimina chai, akaniangalia mimi, sio vidole. Hakuniomba kitu. Alinipa kikombe, mkono wake ukanigusa, ulikuwa wa baridi kama chuma cha asubuhi.

Nikatoka kwenye korido. Dkt. Hansa akapita ameshika mafaili, akasimama. "Wewe ndiye Cheche? Dada yako anasema unajua MRI kuliko mimi." Akacheka kidogo. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Anatania, daktari." Akaenda. Ofisi yake ni mlango wa tatu kutoka hapa, uko wazi, naona kiatu chake chini ya meza.

Ndiyo baba akaja kukaa. Kavaa koti lake la ibada. Ana fomu ya kukubali upasuaji, kaikunja mara nne. Magoti yake na yangu yamegusana.

"Shedrack."

"Naam baba."

"Mimi ni mzee, sio kipofu. Mama yako haimbi tena akipika. Dada yako haniangalii. Na Benedicta wa Fred akiniona anakimbilia jikoni." Akaikunjua fomu, akaikunja tena. "Wananiambia nisaini wamkate mwanangu mgongo. Nitasaini, kama ndiyo njia. Lakini nakuuliza wewe, kwa sababu wewe tangu mtoto ukidanganya masikio yanakucheza. Kuna kitu mnanificha?"

Masikio sijui yalifanya nini. Kabla sijapumua, nesi akamwita: wanataka nakala ya kitambulisho, fotokopi iko nje ya geti. Baba akasimama, akaweka mkono kichwani kwangu kama anabariki.

"Nikirudi unijibu," akasema. "Halafu ndiyo nisaini."

Kaniachia fomu niishike. Kwenda kwenye fotokopi na kurudi ni dakika kumi, kwa mwendo wake kumi na tano, na kumi na mbili zimeshapita. Mlango wa tatu bado uko wazi. Kushoto kwangu, kwenye pazia la wodi, namsikia Frida anakohoa, anajua nipo.

Dirishani namuona baba anarudi, anavuka lango, nakala mkononi, anamsalimia mlinzi. Mwamba, ungekuwa wewe kwenye benchi hili, ungemjibu nini?